Treni za Kasi za China: Chagua Stesheni Kabla ya Kuchagua Treni

Ukitafuta treni ya kutoka Beijing kwenda Shanghai siku yoyote ya kawaida, programu ya simu inakuletea orodha isiyoisha haraka. Zinaanza alfajiri, zinafuatana mfululizo hadi jioni. Moja inatumia saa 4 na dakika 18, nyingine inakaribia saa 6, na ipo ya usiku ambayo unalala Beijing na kuamka Shanghai. Bei nazo hazilingani. Mgeni akiiona orodha hiyo kwa mara ya kwanza huangalia iliyo na kasi zaidi, analipa, na kuona kazi imekwisha.

Sivyo. Kasi ya treni ndiyo kitu kinachohitaji kufikiriwa kidogo kuliko vyote, maana karibu zote zinakimbia vya kutosha. Muda na pesa za msafiri China hupotelea kwingine: kwenye stesheni iliyo upande mwingine wa mji, kwenye foleni ya ukaguzi, kwenye jina lililoandikwa tofauti na la pasipoti, au kwenye tiketi iliyotafutwa wiki ambayo nusu ya nchi iko safarini. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, na wanafunzi waliotawanyika kuanzia Wuhan hadi Harbin, wanayajua haya kwa kuyapitia. Anayejiandaa kwa safari ya kwanza anaweza kuyajua akiwa bado nyumbani.

Herufi mbele ya namba

Kila treni ina herufi na namba. G ni zile ambazo Wachina huziita gaotie, treni za kasi hasa, zinazokwenda kilomita 300 au 350 kwa saa kwenye reli zilizojengwa kwa ajili hiyo. D ni dongche, ambazo kwa kawaida huwa kati ya kilomita 200 na 250 kwa saa. C huunganisha miji ya jirani, kama Beijing na Tianjin, njia iliyofunguliwa tarehe 1 Agosti 2008, wiki moja kabla ya Olimpiki, na iliyokuwa ya kwanza nchini humo kupitisha treni za kilomita 350 kwa saa. Kisha kuna Z, T na K, treni za kawaida ambazo ukomo wake ni kilomita 160, 140 na 120. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye kilomita 160 kwa saa, ingekaa kwenye kundi la Z. Madaraka Express ya Mombasa na Nairobi, yenye 120, ingekuwa K.

Ila herufi si ahadi. Kinachoamua kasi ni reli, na G ikiingia kwenye njia iliyojengwa kwa kilomita 250 hupunguza mwendo kama wenzake. Zaidi ya hapo, ziko treni za rangi ya kijani zinazovutwa na kichwa, mwisho wake kilomita 160, lakini zimepewa herufi D au C kama vile ni za kasi. Anayesoma herufi tu atashangaa. Soma saa ya kuondoka na saa ya kufika, toa moja kwa nyingine, na utajua unachonunua.

Hata G kwa G zinatofautiana, na tofauti yenyewe iko kwenye vituo. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318 kwa reli iliyofunguliwa mwishoni mwa Juni 2011. Treni ikisimama Nanjing na pengine mahali pengine pamoja, inafika kwa saa nne na kitu. Ikisimama mara nane au tisa, kila kituo kinakula dakika zake: kupunguza mwendo, kusimama dakika mbili, kuchukua kasi upya. Kwenye njia hiyo treni zenye namba ndogo kabisa, G1, G2 na wenzao wa karibu, ndizo zenye vituo vichache, na mara nyingi ndizo ghali zaidi. Namba witiri zinatoka Beijing, shufwa zinaelekea Beijing. Treni inayopinda njiani na kugeuza uelekeo hubadilishiwa namba katikati ya safari, kwa hiyo usiogope ukiona ubao wa stesheni unaonyesha namba mbili kwa treni moja.

Kwa nini nyingine 300 na nyingine 350? Tarehe 23 Julai 2011, karibu na mji wa Wenzhou, treni ya D iliigonga nyingine kwa nyuma baada ya radi kuharibu vifaa vya ishara. Watu 40 walikufa. Baada ya hapo nchi nzima ilishusha mwendo, na kilomita 350 kwa saa hazikurudi hadi Septemba 2017, kwenye njia ya Beijing–Shanghai, zilipokuja treni mpya za Fuxing. Za zamani zaidi, Hexie, bado zinafanya kazi na hazina ubaya wowote, ila Fuxing ina nafasi zaidi ya miguu na haipigi kelele sana. Ukiwa na treni mbili zinazolingana saa na bei, chukua Fuxing. Zisipolingana, usisumbuke nalo.

Stesheni ndiyo safari yenyewe

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Reli ya kilomita 350 kwa saa haiwezi kukata kona. Mkunjo wake unahitaji nusu kipenyo cha kilomita 7 hivi, na hakuna mji mkongwe unaoweza kupitishiwa mstari ulionyooka namna hiyo bila kubomoa mitaa mizima. Suluhisho la China lilikuwa kuinua reli juu ya nguzo na kuipitisha pembeni ya miji. Zaidi ya asilimia 80 ya njia ya Beijing–Shanghai ni madaraja. Kipande kimoja kati ya Danyang na Kunshan ni daraja la kilomita 164, refu kuliko yote duniani. Stesheni nazo zikajengwa huko huko pembeni, kwenye mashamba ambayo serikali za mitaa zilitaka yageuke miji mipya. Sehemu nyingine yamegeuka kweli. Sehemu nyingine unatoka nje ya jengo kubwa kama uwanja wa ndege na hoteli yako iko mwendo wa saa nzima.

Matokeo yake mji mmoja una stesheni tatu, nne au zaidi, na majina yake hutofautiana kwa silabi moja ya mwisho: bei ni kaskazini, nan kusini, dong mashariki, xi magharibi. Kwenye tiketi utaona Guangzhounan. Kwenye ramani ya metro inaandikwa Guangzhou South Railway Station. Ni mahali pamoja. Lakini Guangzhou peke yake, bila upande wowote, ni stesheni ya zamani ya katikati ya mji, na umbali kati ya hizo mbili unatosha kukukosesha treni.

Beijing, treni za kwenda Shanghai na Nanjing kwa kawaida zinaondoka Beijing Kusini, na za Xi'an, Wuhan, Guangzhou na Hong Kong zinaondoka Beijing Magharibi. Za Shenyang na Harbin nyingi zinatokea Chaoyang, upande wa mashariki. Tangu 2022 kuna pia Fengtai, iliyofumuliwa na kujengwa upya. Shanghai, nyingi zinatumia Hongqiao, iliyoungana na uwanja wa ndege wa Hongqiao, lakini ndege kutoka Afrika Mashariki na Ghuba hazitui hapo; zinatua Pudong, upande wa pili kabisa wa mji. Metro ya mstari wa 2 inaunganisha viwanja hivyo viwili na inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Na tafadhali usichanganyikiwe na treni ya sumaku iliyopo Pudong. Inapendeza, inamaliza kilomita 30 kwa dakika chache, lakini inaishia kituo cha Longyang Road na haina uhusiano wowote na mtandao wa reli. Hutapata Yiwu kwa kuipanda.

Guangzhou ndiyo inayowahusu wengi wetu. Treni nyingi za masafa marefu zinafika Guangzhou Kusini, wilaya ya Panyu. Mtu anayelala Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wanaufahamu, atachukua metro mstari wa 2 hadi Guangzhou Railway Station, abadilishe kwenda mstari wa 5, na kituo kinachofuata ndicho Xiaobei. Ni rahisi ukiwa na begi moja. Ukiwa na masanduku matatu ya sampuli saa ambayo watu wanatoka kazini, ni habari nyingine. Tangu Desemba 2023 kuna pia Guangzhou Baiyun, ambayo haiko mbali na mji wa zamani, kwa hiyo kabla ya kukubali Guangzhou Kusini angalia kama ipo treni yako inayofika Baiyun au Guangzhou Mashariki.

Mfano mzuri kuliko yote ni Guangzhou kwenda Shenzhen. G kutoka Guangzhou Kusini hadi Shenzhen Kaskazini ni nusu saa tu. C kutoka Guangzhou Mashariki hadi stesheni ya Shenzhen iliyoko Luohu inazidi saa moja. Kwenye orodha, ya kwanza inashinda bila ubishi. Lakini Guangzhou Mashariki iko wilaya ya Tianhe, katikati ya biashara, na Luohu iko palepale mpakani na Hong Kong, katikati ya Shenzhen ya zamani. Wakati Guangzhou Kusini na Shenzhen Kaskazini zote mbili ziko nje. Aliyelala Tianhe na mwenye shughuli Luohu atafika mapema kwa treni ya polepole, huku mwenzake wa G bado yuko kwenye metro akihesabu vituo.

Kwa hiyo fanya kinyume cha wengi wanavyofanya. Anza na ramani ya mji: unalala wapi, unakwenda wapi, stesheni ipi iko karibu kwa metro pande zote mbili. Ukishajua stesheni mbili unazozitaka, ndipo ufungue orodha ya treni. Utashangaa jinsi inavyofupika.

Kununua

Shirika la reli linauza tiketi zake lenyewe kupitia 12306, ambalo ni jina la tovuti na la programu ya simu, na lina toleo la Kiingereza. Wapo mawakala, wakubwa wake wakiwa na programu za lugha nyingi, nao huongeza ada yao kwa kila tiketi. Kwa safari moja, ada hiyo ni bei ya kuepuka usumbufu na sioni haya kumshauri mtu ailipe. Anayekaa mwezi mzima au anayesoma huko afungue akaunti ya 12306.

Akaunti ina kizingiti chake: pasipoti lazima ihakikiwe kabla ya kununua chochote, na uhakiki si wa papo kwa papo. Usiuache hadi asubuhi ya safari. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, yote, kwa mpangilio uleule. Hapa ndipo penye tabu kwa watu wetu wenye majina matatu au manne, ambao kwenye tiketi za ndege wamezoea kuandika mawili. Ukipunguza la babu kwenye akaunti na lipo kwenye pasipoti, umejiwekea mtego. Malipo yanakwenda vizuri kwa Alipay au WeChat, ambazo siku hizi zinakubali kuunganishwa na kadi za benki za nje. Madirishani stesheni wanapokea pesa taslimu pia.

Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla ya safari, na kila stesheni ina saa yake ya kufungua. Saa hizo ni za Beijing, ambayo iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 5 mwaka mzima. Tiketi zinazofunguliwa saa nne asubuhi ya Beijing, kwako ni saa kumi na moja alfajiri. Wakala anayekuambia unaweza "kununua" mwezi mmoja kabla anapokea oda yako tu, anakaa nayo hadi siku ya kufunguliwa. Hana tiketi mkononi.

Siku nyingi hutahitaji kuamka alfajiri. Kati ya miji mikubwa treni ni nyingi kiasi kwamba ukikosa moja unachukua inayofuata. Zipo siku za kuogopa: msimu wa Mwaka Mpya wa Kichina, unaohesabiwa kuwa siku 40 za msongamano, sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Mei, na wiki ya kwanza ya Oktoba. Hii ya Oktoba inagusa wafanyabiashara moja kwa moja, kwa sababu maonyesho makubwa ya Guangzhou ya vuli yanaanza katikati ya mwezi huohuo. Watu hupanga kufika mapema wakatembelee viwanda kwanza, na kumbe wiki hiyo viwanda vimefungwa na treni zimejaa.

Ukikuta zimeisha, kuna orodha ya kusubiri ndani ya 12306: unalipa kabisa, mfumo unakutafutia nafasi zinazorudishwa, na ukikosa pesa inarudi. Tumia hiyo kabla ya kukata tamaa. Kuna jambo jingine ambalo Wachina wenyewe wanalitumia sana. Viti vinagawiwa kwa vipande vya safari, na wa masafa marefu hupendelewa. Inawezekana tiketi ya kutoka katikati hadi katikati imekwisha, lakini ya kwenda mbele zaidi ya unakoshuka bado ipo. Unanunua hiyo ndefu, unashuka kituo chako, unasamehe tofauti. Kinyume chake, kununua fupi ukitarajia kuongezewa ndani ya treni, ni kucheza kamari. Msimu wa msongamano wanakataa.

Kurudisha tiketi kuna utaratibu ulio wazi kuliko wa mashirika mengi ya ndege. Zaidi ya siku 8 kabla ya kuondoka hukatwi kitu. Kati ya siku 8 na saa 48 unakatwa asilimia 5, kati ya saa 48 na 24 asilimia 10, na ndani ya saa 24 asilimia 20. Kubadilisha tiketi kunaruhusiwa mara moja tu.

Bei zamani ilikuwa moja, yuan 553 kwa daraja la pili Beijing–Shanghai, miaka na miaka. Tangu mwishoni mwa 2020 njia hiyo ina bei zinazopanda na kushuka kwa saa na kwa siku, na katikati ya 2024 mtindo huo ukafika kwenye njia nyingine kama Wuhan–Guangzhou na Shanghai–Hangzhou. Treni za alfajiri na za usiku mara nyingi ndizo nafuu. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi kama hawachukui kiti, mmoja kwa kila mtu mzima. Wa miaka 6 hadi 14 wanalipa nusu.

Viti

Daraja la pili linatosha. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana nazunguka. Viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na vyote vinageuzwa vielekee mbele. A na F ziko dirishani, C na D njiani, B ndiyo ya katikati ambayo hakuna anayeitaka. Herufi E haipo. Anayesafiri na mwenzi wake aombe D na F. Daraja la kwanza lina viti viwili kwa viwili na bei yake ni mara moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa mtu mrefu au mnene, safari ikipita saa 5, pesa hiyo inaeleweka. Daraja la biashara linazidi mara tatu ya daraja la pili, kiti kinalala kabisa, na ukitaka maoni yangu, kwa pesa hiyo panda ndege ubaki na chenji.

Kuna pia tiketi isiyo na kiti, kwa bei ileile ya daraja la pili. Kwa Beijing–Tianjin, dakika 30, hakuna shida. Usiinunue kwa safari ndefu ukidhani mtu atakuonea huruma.

Siku ya safari

Tiketi ya karatasi haipo tena. Tangu 2020 tiketi ziko kwenye mfumo, na pasipoti ndiyo inayokuingiza. Wachina wanagusisha kitambulisho chao kwenye geti na kupita. Mageti mengine siku hizi yanasoma pasipoti, mengi hayasomi, kwa hiyo elekea moja kwa moja kwenye geti la pembeni lenye mfanyakazi. Utaonyesha pasipoti mara tatu: kuingia jengoni, kuingia jukwaani, na kutoka mwisho wa safari. Usiizike chini ya begi.

Mlangoni kuna mashine ya kukagua mizigo. Visu vinachukuliwa hata kama ni vya jikoni na bado viko kwenye pakiti, jambo linalowaumiza wanaonunua seti za vyombo. Makopo ya kupuliza, iwe dawa ya mbu au ya nywele, hayaruhusiwi yakizidi mililita 150 kwa kopo. Vibiriti vya gesi ni viwili, basi. Mzigo kwa sheria ni kilo 20 kwa mtu mzima, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Mizani huioni mara nyingi, lakini mtu mwenye marobota ataonekana tu, na mahali pa kuyaweka ndani ya behewa hapapo. Bidhaa za biashara zitumwe kwa wasafirishaji wa mizigo. Kwenye treni ingia na sampuli.

Fika dakika 45 kabla, na saa nzima kama stesheni ni kubwa au ni ngeni kwako. Geti la kwenda jukwaani hufunguliwa takriban dakika 15 kabla ya kuondoka na hufungwa dakika chache kabla, mara nyingi tano. Treni inaondoka kwa sekunde zake, na aliyesimama nje ya geti akipunga pasipoti atabaki hapohapo. Jukwaani kuna alama sakafuni zinazoonyesha behewa lako litakaposimama. Ziamini, simama hapo. Treni nyingine zina mabehewa 16, na kituo cha katikati kinakupa dakika mbili. Kukimbia kutoka behewa la 2 hadi la 15 na sanduku mkononi hakuwezekani.

Ndani kuna maji ya moto bure kila behewa, ndiyo maana utaona nusu ya abiria wana chupa za chai na vikombe vya tambi. Chakula cha treni ni ghali kwa kiwango chake na mara nyingi kina nguruwe. Mwislamu abebe chake, au aagize kupitia programu ya 12306, inayokuwezesha kununua kutoka migahawa ya stesheni za mbele na kuletewa hadi kwenye kiti. Soketi za umeme ziko chini au kati ya viti. Vyoo vya kuchuchumaa vipo, na vya kukalia vipo.

Sigara, hapana. Si chooni, si kati ya mabehewa, si ile ya umeme. Vitambua-moshi vya treni hizi vinaweza kuipunguza mwendo treni nzima, na mvutaji anatozwa faini na kuzuiwa kununua tiketi kwa siku 180. Wavutaji hutoka jukwaani kituo kinaposimama muda mrefu kidogo, na kila siku yupo anayeachwa na treni akiwa na kipisi mdomoni.

Mpaka wapi treni ishinde ndege

Shanghai–Hangzhou au Wuhan–Guangzhou, hakuna mjadala: panda treni. Shanghai Hongqiao hadi Yiwu ni saa moja na nusu hivi. Beijing–Shanghai na Beijing–Xi'an, saa nne na kitu kwa treni za haraka, treni bado inashinda ukihesabu barabara ya uwanja wa ndege, foleni, na ndege za China zilivyozoeleka kuchelewa majira ya joto kwa sababu ya mvua za radi. Xi'an–Chengdu, iliyofunguliwa Desemba 2017 kwa mahandaki mengi kupita milima ya Qinling, ni karibu nusu siku uliyookoa ukilinganisha na treni ya zamani.

Beijing–Guangzhou inanipa shaka. Ni kama kilomita 2,300, na treni ya haraka inazidi saa 7. Ndege ni saa tatu angani. Kwa mtu mwenye kazi za kufanya kwenye kompyuta, saa 7 za meza, umeme na utulivu zina thamani yake. Kwa anayesafiri na watoto wawili wadogo, sidhani. Hapo ndipo treni za D za usiku zenye vitanda zinapofaa, maana zinakuokolea bei ya hoteli ya usiku mmoja. Juni 2024 zilianzishwa nyingine za namna hiyo kati ya Beijing na Hong Kong, na kati ya Shanghai na Hong Kong, kwa siku chache za wiki.

Hong Kong yenyewe inahitaji tahadhari. Tangu Septemba 2018 treni za kasi zinafika West Kowloon, na taratibu zote mbili za uhamiaji, za China bara na za Hong Kong, zinafanyika ndani ya jengo hilo moja. Kutoka Shenzhen Kaskazini ni dakika 20 hazifiki. Wepesi huo ndio unaowaponza watu, kwa sababu kisheria umetoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja, akienda Hong Kong kula chakula cha mchana, viza yake imekwisha kazi, na mzigo wake, hoteli yake na mkutano wa kesho Guangzhou viko upande ambao hawezi kurudi bila viza nyingine. Hesabu idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza kabla ya kununua tiketi hiyo. Ikiwa ni moja tu, shukia Futian, kituo cha mwisho kabla ya mpaka, palepale katikati ya Shenzhen.